Maumivu ya Misuli Baada ya Kuanza Mazoezi: Yasikukatishe Tamaa

Siku hizi katika familia nyingi yupo mtu aliyeambiwa na daktari au muuguzi, "Fanya mazoezi." Mmoja ana presha, mwingine ana kisukari, mwingine uzito wake umezidi. Vijana nao huunda timu za mpira wa miguu na netiboli, na watu wazima huamka alfajiri kukimbia mchakamchaka. Ni jambo jema. Lakini wengi wanaoanza kwa bidii siku ya kwanza hawaonekani tena baada ya wiki moja. Ukiwauliza sababu, jibu lao mara nyingi ni hili: "Niliumwa mwili mzima, nikaona mazoezi hayanifai."

Ukurasa wetu wa afya mwezi huu unataka kuwasaidia watu wa namna hiyo. Tutaeleza maumivu haya ni nini, yanatoka wapi, na jinsi ya kuyapunguza nyumbani kwa vitu tulivyo navyo. Tutaeleza pia jinsi ya kuyatofautisha na maumivu mengine ya hatari, ambayo hayafai kusubiriwa.

Jambo moja tunaomba lishikwe na kila msomaji: maumivu ya kawaida ya kuanza mazoezi si ugonjwa, hupita yenyewe, na mara ya pili huwa madogo zaidi. Anayeacha mazoezi kwa sababu ya maumivu hayo ni kama msafiri aliyekwisha kulipa nauli, kisha akashuka kabla gari halijaondoka.

Maumivu yanavyokuja

Tuseme mama mmoja wa miaka 45 amepimwa presha na kuonekana iko juu kidogo. Anashauriwa apunguze chumvi na aanze mazoezi. Jumamosi asubuhi anatoka na majirani zake hadi uwanja wa shule. Wanakimbia mchakamchaka kwa nusu saa, halafu wanaruka kichura, kisha wanachuchumaa na kuinuka mara 50. Anarudi nyumbani amechoka lakini amefurahi, na usiku analala vizuri.

Jumapili asubuhi anahisi mapaja yamekaza. Jumatatu ndiyo siku ya shida yenyewe. Hawezi kuketi kwenye kigoda bila kushika ukuta. Kuchuchumaa chooni ni adhabu. Ngazi anazishuka kinyumenyume. Mtoto akimgusa paja, anapiga kelele. Jirani anamwambia, "Shoga, hiyo malaria, kanunue dawa mapema." Mama mkwe naye anasema, "Mwanangu, mambo ya kukimbia waachie watoto wa shule." Mama anakubali, na raba zinarudishwa uvunguni mwa kitanda. Presha yake inabaki pale pale ilipokuwa.

Kumbe maumivu ya mama huyu yanafuata kalenda inayojulikana. Huanza baada ya muda wa saa 12 hadi 24 tangu mazoezi yafanyike. Hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, yaani siku ya pili au ya tatu. Kisha hupungua na kwisha ndani ya siku 5 hadi 7. Hukaa katika nyama iliyofanya kazi, si katika maungio ya mifupa. Kwa kawaida huwa pande zote mbili za mwili, ikiwa pande zote mbili zilifanya kazi. Ukijongea au ukibonyeza pale panapouma yanazidi, ukitulia yanapoa. Misuli hukaza, huweza kuvimba kidogo, na nguvu zake hupungua kwa siku chache.

Wala si mazoezi ya uwanjani tu yanayoleta hali hii. Mkulima anayeshika jembe siku ya kwanza baada ya kiangazi kirefu huipata mgongoni na mikononi. Anayebeba matofali kwa mara ya kwanza huipata pia. Kazi yoyote ambayo misuli haijaizoea inaweza kuileta.

Yanatoka wapi?

Wengi wetu tulifundishwa kwamba maumivu haya yanaletwa na asidi laktiki inayobaki kwenye misuli baada ya kukimbia. Mafundisho hayo hayakuthibitika. Asidi hiyo huongezeka wakati wa kazi ngumu, lakini huondoka kwenye misuli muda mfupi baada ya mtu kupumzika. Haiwezi kuwa ndiyo inayomuumiza mtu siku mbili baadaye.

Mapema mwaka 1902, mtaalamu Mmarekani aitwaye Theodore Hough alikwisha kuandika kwamba maumivu yanayochelewa hutokana na michaniko ndani ya msuli wenyewe. Mwaka 1983 watafiti walilipima jambo hili kwa njia rahisi. Waliwakimbiza watu kwenye tambarare na kwenye mteremko. Waliokimbia tambarare asidi laktiki iliongezeka katika damu yao, lakini hawakuumwa sana siku zilizofuata. Walipokimbia mteremkoni asidi haikuongezeka, na hata hivyo misuli iliwauma. Basi asidi si mkosaji.

Kwa nini mteremko uumize kuliko tambarare? Kwa sababu ya kazi ya breki. Ukipanda mlima, misuli ya mapaja inajikunja na kukusukuma juu. Ukishuka, misuli hiyo hiyo inavuta ili usianguke, lakini wakati huo huo inarefushwa na uzito wa mwili. Ni kama kamba inayovutwa na watu wawili pande mbili. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayochana nyuzi ndogo ndogo za msuli zaidi ya kazi nyingine. Ndivyo ilivyo unapochuchumaa taratibu, unapotua chini baada ya kuruka kichura, au unaposhusha ndoo ya lita 20 polepole kutoka kichwani hadi sakafuni.

Mgeni wa kutoka pwani anayetembelea milima ya Uluguru au Usambara hulitambua hili. Kupanda humkata pumzi, lakini kushuka ndiko kunakomuumiza mapaja kesho yake. Wapandaji wa Mlima Kilimanjaro nao, wakiisha kufika kilele cha Uhuru chenye mita 5,895, hukumbuka mapaja yao wakati wa kurudi.

Nyuzi zikishachanika kidogo, mwili huanza kazi ya ukarabati. Maji na chembe za damu huletwa mahali pale, msuli unavimba kidogo, na neva zake zinakuwa nyepesi kuhisi hata mguso mdogo. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na ndiyo maana maumivu huchelewa. Michaniko hiyo si jeraha la kutisha. Mwili huikarabati, na msuli hutoka ukiwa umejiandaa vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Hapa ndipo penye habari njema. Msuli uliokwisha kupitia kazi hiyo mara moja hupata kinga. Ukirudia zoezi lile lile baada ya wiki moja au mbili, utaumwa kidogo sana au hutaumwa kabisa. Kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa hata kama hukufanya zoezi hilo katikati. Ndiyo sababu akina mama wa Uluguru wanaweza kushuka na mizigo ya mboga na matunda hadi sokoni Morogoro mara kwa mara, wakati mgeni asiye na mzigo wowote anachechemea. Hawana mwili wa chuma, bali misuli yao imezoea.

Mambo yanayosaidia nyumbani

Tuseme ukweli: hakuna dawa inayoondoa maumivu haya kwa siku moja. Tabibu mkuu ni muda. Lakini yako mambo yanayoyapunguza wakati mwili unafanya kazi yake.

Kwanza, endelea kujongea. Kulala kitandani kutwa nzima hukuzidishia kukaza. Tembea polepole kwa dakika 10 hadi 20, fanya kazi nyepesi za nyumbani, inuka kila baada ya muda. Utaona kwamba hatua za kwanza zinauma sana, lakini baada ya mwendo mfupi misuli inalegea. Nafuu hiyo ni ya muda, hivyo rudia asubuhi na jioni. Usirudie zoezi lililokuumiza mpaka maumivu yamepungua vya kutosha.

Pili, tumia joto. Oga maji ya uvuguvugu, au kanda kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya moto na kukamuliwa, kwa dakika 15 hivi. Jaribu joto kwanza kwa upande wa ndani wa mkono wako. Mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake ina ganzi asikandwe miguu kwa maji ya moto, kwa sababu anaweza kuungua bila kuhisi.

Tatu, wengine husaidiwa na maji baridi. Kukaa na miguu ndani ya beseni la maji baridi kwa dakika 10 hadi 15 baada ya mazoezi huweza kupunguza maumivu ya siku zinazofuata. Barafu isiwekwe moja kwa moja juu ya ngozi. Ifungwe kwenye kitambaa. Wala msiingie kwenye mabwawa au kingo za ziwa penye kichocho kwa ajili ya kutafuta maji baridi.

Nne, kuchua kwa upole. Mtu mwingine akikuchua taratibu kwa mafuta ya nazi au mafuta mengine ya kupaka, utapata nafuu kiasi. Tunasisitiza neno "upole". Kukanyagwa mgongo na kuminywa mpaka machozi yatoke huongeza majeraha. Dawa za kuchua zenye kuwasha ngozi huleta joto la juu juu na kumfariji mtu. Zisipakwe penye kidonda wala karibu na macho, zisifungiwe bandeji juu yake, na zisitumiwe kwa watoto wadogo. Nawa mikono ukimaliza.

Tano, kula, kunywa na kulala. Msuli hujengwa kwa vyakula vya kujenga mwili: maharage, kunde, dagaa, mayai, maziwa, karanga. Hakuna haja ya kununua unga wa gharama kubwa. Kunywa maji ya kutosha, hasa wakati wa joto. Usingizi wa usiku kamili ni sehemu ya matibabu. Pombe haisaidii misuli. Hukausha mwili na kuharibu usingizi.

Na kujinyoosha je? Wengi huamini kwamba ukijinyoosha kabla au baada ya mazoezi hutaumwa. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliotolewa mwaka 2011 na shirika la Cochrane ulionyesha kwamba kujinyoosha kunapunguza maumivu haya kwa kiasi kidogo mno. Ukipenda kujinyoosha, fanya hivyo kwa utulivu, lakini usiutegemee kama kinga. Wala usiruke ruka huku ukivuta msuli unaouma.

Kuhusu dawa za kutuliza maumivu

Maumivu haya kwa kawaida hayahitaji dawa. Mtu mzima akizidiwa, parasetamoli inaweza kumsaidia: vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6 ikihitajika, na visizidi vidonge 8 kwa saa 24. Kuzidisha huharibu ini. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe nyingi aulize kwanza. Angalia pia kama dawa ya mafua unayotumia nayo ina parasetamoli, usije ukaimeza mara mbili bila kujua.

Tunataka kutoa onyo kuhusu diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu wengi huzinunua dukani kama pipi. Dawa hizi zina kazi yake, lakini huweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kudhuru figo, hasa mwili ukiwa umekaukiwa maji baada ya kutoka jasho jingi. Mwenye presha, ugonjwa wa figo, ugonjwa wa moyo au vidonda vya tumbo asizitumie bila ushauri wa daktari. Mama mjamzito naye asizitumie bila ushauri huo. Tazama basi ajabu hii: mtu anaanza mazoezi ili ashushe presha, kisha anameza kila siku dawa inayoipandisha.

Usimeze dawa kabla ya mazoezi ili "usisikie maumivu". Maumivu ni kengele. Ukiizima, hutajua lini umevuka mpaka. Wala usinunue dawa ya malaria kwa sababu mwili unauma. Malaria hupimwa, na kipimo kinapatikana katika zahanati.

Maumivu yasiyofaa kusubiriwa

Si kila maumivu yanayokuja baada ya mazoezi ni ya misuli iliyochoka. Dalili zifuatazo zisisubiriwe zipite zenyewe. Nenda kituo cha afya au hospitali.

1. Maumivu au kubanwa kifuani, hasa yakienda kwenye mkono, shingo au taya, pamoja na jasho la baridi, kuishiwa pumzi au kizunguzungu. Huo unaweza kuwa moyo. Acha mazoezi papo hapo na upelekwe hospitali.

2. Mkojo kuwa na rangi ya chai ya rangi au ya soda nyeusi, misuli ikiwa imevimba sana, inauma kupita kiasi na haina nguvu. Hii ni hatari kubwa, na tutaieleza hapa chini.

3. Kigimbi cha mguu mmoja kuvimba, kuwa cha moto na kuuma, hata kama umetulia. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa.

4. Maumivu makali yaliyokuja ghafla wakati wa mazoezi, labda kwa kusikia kitu kimekatika, kisha pakavimba au pakawa na weusi wa kuvilia damu, na huwezi kukanyaga. Huko ni kuchanika kwa msuli au kano, au kuvunjika mfupa.

5. Homa, kutetemeka, kuumwa kichwa au kutapika. Maumivu ya mazoezi hayaleti homa. Kapime.

6. Ungio moja kuvimba, au maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi, mguu kukosa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo.

7. Maumivu yanayozidi baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, au yanayoendelea zaidi ya wiki moja.

Ongezeni na hili: baadhi ya dawa za kupunguza mafuta katika damu huweza kuleta maumivu ya misuli. Anayetumia dawa hizo, akaumwa misuli bila sababu inayoeleweka, amweleze daktari wake. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Sasa turudi kwenye mkojo mweusi. Msuli ukiharibika kupita kiasi, vitu vilivyokuwa ndani yake humwagika katika damu na kulazimika kuchujwa na figo. Figo zinaweza kuziba na kushindwa kazi. Mwaka 1941, madaktari Bywaters na Beall wa Uingereza walieleza hali hiyo kwa watu waliofukuliwa kutoka vifusi vya nyumba wakati London ilipopigwa mabomu. Misuli yao ilikuwa imepondwa, na baada ya siku chache figo zilishindwa. Leo inajulikana kwamba hata mazoezi ya kupita kiasi yanaweza kuleta hali hiyo hiyo bila kifusi chochote. Huwapata hasa watu waliokaa muda mrefu bila mazoezi, kisha wakafanya zoezi moja mamia ya mara, katika jua kali, bila maji ya kutosha.

Kwa sababu hiyo tunawasihi wazazi, walimu na makocha. Kumrusha mtoto kichura mara mia kwa kosa la kuchelewa si mazoezi, wala si malezi. Ni kucheza na figo zake. Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu yuko katika hatari zaidi, maana kazi ngumu na kukaukiwa maji huweza kumletea maumivu makali ya ugonjwa wake. Mwalimu na kocha wajulishwe hali yake mapema, naye aruhusiwe kupumzika na kunywa maji bila kuchekwa.

Jinsi ya kuanza bila kuumia sana

Haraka haraka haina baraka. Dawa bora ya maumivu haya ni kuanza kidogo na kuongeza polepole. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku. Hizo dakika 150 zisikutishe. Hazitakiwi wiki ya kwanza.

Kwa mtu mzima aliyekaa muda mrefu bila mazoezi, tunapendekeza mpango huu wa kutembea kwa kasi, siku 5 kwa wiki:

Wiki ya 1: dakika 10 kwa siku.
Wiki ya 2: dakika 15 kwa siku.
Wiki ya 3: dakika 20 kwa siku.
Wiki ya 4: dakika 25 kwa siku.
Wiki ya 5: dakika 30 kwa siku, na hapo umefikia dakika 150.

Kipimo cha kasi ni mdomo wako mwenyewe. Uweze kuzungumza na mwenzako njiani, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo kidogo. Ukishindwa kuzungumza, punguza.

Kuanzia wiki ya 2, ongeza mazoezi ya nguvu siku 2 kwa wiki, zisizofuatana. Kaa kwenye kiti na kuinuka mara 5, pumzika, kisha rudia mara 5. Sukuma ukuta kwa mikono miwili mara 5, kama mtu anayepiga pushapu akiwa amesimama. Wiki inayofuata fanya mara 7, halafu 10. Miteremko, kuruka kichura na kuruka kamba vije baadaye, navyo vianze kwa idadi ndogo. Kila siku anza kwa mwendo wa pole wa dakika 5 ili kupasha mwili moto, na umalizie vivyo hivyo.

Mwenye ugonjwa wa moyo, presha iliyo juu sana, au aliyewahi kuumwa kifua akitembea, amwone daktari kabla ya kuanza. Mgonjwa wa kisukari anayetumia sindano au vidonge vya kushusha sukari atembee na sukari au pipi mfukoni, avae viatu vinavyomtosha na akague nyayo zake akirudi. Mama mjamzito asiye na matatizo anaweza kutembea vizuri, lakini aeleze kliniki.

Tukimrudia yule mama mwenye presha, hakukosea kutaka kufanya mazoezi. Alichukua chakula cha mwezi mzima akakila siku moja. Anachohitaji sasa ni kusubiri siku 4 au 5 akitembea polepole, kisha arudi uwanjani achuchumae mara 5 badala ya 50. Mume wake na watoto wanaweza kumsaidia sana kwa kumsindikiza jioni na kumpokea ndoo siku misuli inapouma. Watu wa nyumbani wakimcheka, ataacha. Wakitembea naye, ataendelea, na wao pia watafaidika.

Maumivu si kipimo cha faida. Asiyeumwa hajapoteza mazoezi yake, na aliyeumwa sana hakufaidika zaidi ya mwenzake. Faida ya moyo, presha na sukari huja kwa kurudia wiki baada ya wiki. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kujadili katika familia

1. Nani katika nyumba yetu ameshauriwa kufanya mazoezi na ameacha? Ni nini kilichomfanya aache?

2. Taja tofauti tatu kati ya maumivu ya kawaida ya misuli na maumivu ya hatari.

3. Je, tuna dawa za maumivu ndani ya nyumba? Ni zipi, na nani kati yetu hafai kuzitumia?

4. Tukipanga kutembea pamoja dakika 10 kila jioni kuanzia wiki hii, ni saa ngapi itatufaa sote?